Wiki Ambayo Mama Aliiona Kostyumu Yangu

Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka thelathini na minane, katika kidimbwi cha shule moja huko Loresho, na kwa miaka mitatu mama yangu hakujua. Alijua kwamba nakimbia, maana nimekimbia tangu shule ya msingi na majirani wetu wa Uthiru wamezoea kuniona barabarani kabla ya jua kutoka. Alijua pia kwamba naendesha baiskeli, kwa sababu baiskeli yenyewe hulala sebuleni kwangu na yeye huizunguka kila akiniletea maziwa. Habari ya maji ndiyo sikumwambia. Mdogo wake alikufa maji kwenye machimbo ya mawe walipokuwa watoto, na nyumbani kwetu hakuna aliyeruhusiwa hata kuvuka mto kwa kukanyaga mawe. Nilimaliza shule, nikazaa, nikamlea binti yangu mpaka akaenda chuo Eldoret, bila kuwahi kuingia majini kupita magoti. Binti alipoondoka nyumba ikawa kimya, na mimi nikaenda Loresho kuuliza kama wanafundisha watu wazima.

Mchezo ninaoufanya unaitwa triathloni. Unaogelea, unatoka majini ukichuruzika maji, unapanda baiskeli, unashuka, unakimbia, na saa haisimami hata unapofunga viatu. Mashindano niliyokuwa nimejiandikishia yalikuwa ya mita elfu moja na mia tano majini, kilomita arobaini za baiskeli na kumi za mbio, kwenye bwawa lililo katikati ya mashamba ya chai upande wa Limuru. Wiki ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho ya mazoezi mazito, siku kumi na nne kabla ya mashindano. Niliianza nikijiamini. Sisemi hivyo kwa majivuno. Kazi nilikuwa nimeifanya, na mwili ulikuwa unajua.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa langoni mwa shule, baiskeli imeegemea ukuta, pumzi zikitoka kama moshi. Maji ya kidimbwi kile hayapashwi moto. Ukiingia polepole utaingia mara tatu na kutoka mara tatu, kwa hiyo mimi huruka na kumaliza neno. Nilikuwa na urefu themanini wa kuogelea asubuhi hiyo, kwenda na kurudi, na sehemu iliyo kando yangu ilikuwa ya mama mmoja wa Kisikh wa miaka sabini na minne ambaye sote pale humwita Anti. Anti ni mjane. Amekuwa na duka la vitambaa mjini karibu maisha yake yote, na huogelea kila siku ya Mungu akiwa amevaa kofia ya manjano ya mpira na nguo ya mikono mirefu. Haharakishi wala hasimami.

Mwalimu wa pale ndiye aliyenifundisha kupiga mikono, lakini kupumua nilifundishwa na Anti. Miezi ya kwanza nilikuwa nafunga pumzi nikiwa chini, kisha natoa na kuvuta zote kwa mara moja nikiinua kichwa, nikawa nachoka kabla ya kufika upande wa pili. Siku moja alinishika bega akaniambia, "Wewe toa pumzi ndani ya maji, pole pole, kama mtu anapoza chai." Nilipoza chai wiki nzima. Wiki iliyofuata nilifika upande wa pili na nikageuka bila kusimama, na tangu hapo sijawahi kumtazama mtu anayepuliza kikombe bila kutabasamu.

Nilimaliza themanini zangu, nikajikausha, nikapanda baiskeli tena. Kutoka Loresho nilivuka Waiyaki Way, nikateremka James Gichuru, nikapita Lavington, nikaingia Hurlingham kabla magari hayajaanza kusimama. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Chumba changu cha kazi kiko nyuma ya kliniki ya meno, na daktari mwenye kliniki aliniwekea bomba la kuogea tulipohamia jengo lile, bila kuniuliza chochote. Aliona tu helmeti. Saa mbili kamili huwa nimevaa koti jeupe, nimewasha taa ya mezani, napanga meno kwenye nta. Watu huniuliza kama sichoki. Ukweli ni kwamba mkono wangu hutulia zaidi siku nilizofanya mazoezi. Jino la mbele likihama upana wa unywele, uso wa mtu unakuwa wa mtu mwingine, na huwezi kuona unywele ukiwa na usingizi.

Jumanne niliamka nikapanda kilima kimoja cha Lower Kabete mara sita, nikienda juu kwa gia nzito na kushuka nikitetemeka kwa baridi, kisha nikaenda kazini. Baiskeli niliiacha kliniki, kwa sababu mpango wa jioni ulikuwa kukimbia mpaka nyumbani. Mchana mvua ilinyesha, ile ya ghafla inayopiga mabati mpaka huwezi kusikia simu. Jioni nilikimbia kandokando ya barabara nikiruka matope, na nilipofika Uthiru viatu vilikuwa na uzito wa kilo moja kila kimoja, nami nilikuwa na furaha isiyo na sababu.

Nyumba yangu iko nyuma ya ile ya Mama, kwenye ploti ileile ambayo baba alituachia pamoja na vyumba vya wapangaji. Mama ana funguo zangu na mimi nina zake. Niliingia chumbani kubadilisha nguo na kuona kwamba madirisha, niliyokuwa nimeyaacha wazi, yamefungwa. Kostyumu yangu ya kuogelea, ambayo kwa kawaida hukaukia kwenye kitasa cha dirisha nyuma ya pazia, ilikuwa kitandani. Ilikuwa imekunjwa vizuri, mara nne, kama anavyokunja nguo za kanisani. Juu yake ilikaa miwani ya kuogelea, kamba zake zimenyooshwa.

Nikaelewa yote. Mvua ilipoanza alikuja kufunga madirisha.

Maziwa yalikuwa mezani kama kila siku. Nilitoka nikatazama nyumbani kwake. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka, naye alikuwa akipita mbele ya dirisha akifanya shughuli zake. Nilisimama pale uani kwa muda, kisha nikarudi ndani. Nimeshawahi kushuka Kijabe kwa baiskeli kwenye ukungu, lakini jioni ile mlango wa mama yangu ulinishinda.

Jumatano nilikwenda Loresho kwa miguu, nikaogelea vibaya. Nilihesabu mizunguko nikapoteza hesabu mara mbili. Anti alikuwa amesema angenipa lifti, kwa kuwa anakaa Lavington na baiskeli yangu ilikuwa Hurlingham, na ndani ya gari lake nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Aliniuliza kama mama yangu alikasirika. Nikamwambia kwamba sijui, kwamba aliikunja nguo. Tulipofika taa za Lavington akasema, "Lete yeye hapa. Mtu anaogopa kitu hajaona." Nilimwambia kwamba mama yangu alikiona tayari, akiwa mtoto. Akatingisha kichwa. "Yeye aliona kufa maji. Kuogelea hajaona."

Kliniki siku hiyo alikuwa anakuja mzee mmoja, mwalimu mkuu mstaafu kutoka mji wa Kikuyu, kujaribu meno yake ya juu yakiwa bado kwenye nta. Jumamosi mjukuu wake alikuwa anaolewa, naye ndiye wa kuzungumza kwa niaba ya familia. Alikaa kitini, akayavaa, akajitazama kwenye kioo na kuridhika. Daktari akamwomba aseme maneno machache. Akasema, "Asanteni sana kwa kusafiri," na kila herufi ya S ikatoka na filimbi.

Hakuna aliyecheka. Mzee akarudia, filimbi ikarudia. Akanigeukia kwa utulivu wa mtu aliyezoea kusimama mbele ya gwaride. "Fundi," akasema, "nimefundisha miaka thelathini na mitano. Najua jinsi watoto wanavyocheka."

"Hawatacheka, Mwalimu," nikamwambia. "Ijumaa saa nane mchana utakuwa sawa."

Nilisema hivyo kabla ya kufungua droo zangu. Nilipofungua nikakuta kwamba meno ya umbo nililolitaka, mapana kidogo pale mbele, yamekwisha kwa rangi yake. Nilipiga simu kwa duka linalotuuzia vifaa mjini. Walikuwa na seti moja. Wakaahidi kuituma kesho yake asubuhi.

Jioni nilipofika nyumbani Mama alikuwa nje, anaosha ndoo ya kukamulia. Mama ana miaka sabini na mitatu, ni mfupi, na hazungumzi akiwa amesimama bure. Lazima mikono iwe na kazi. Nikachukua ile ndoo ya pili nikaanza kuisugua. Huwa tunaongea Kikuyu, na kwa Kikuyu swali lake lilikuwa fupi kuliko nitakavyoliandika hapa. Aliuliza ile nguo ni ya nini.

"Ya kuogelea, Mama."

"Tangu lini?"

"Huu ni mwaka wa tatu."

Alimwaga maji, akayafuata kwa macho mpaka yakaingia kwenye mtaro. Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Sote tulijua kwamba mdogo wake alizama. Hatukujua kwamba yeye alikuwepo. Walikuwa wametumwa kuchota maji ya ng'ombe, na mvulana akaona mpira wa matambara ukielea kwenye machimbo, akavua shati akampa dadake amshikie ili lisilowe. Mama alikuwa na miaka kumi na minne.

"Nilisimama na lile shati mpaka watu wazima wakaja," alisema. "Sikujua nipige kelele wakati gani. Nilidhani bado anatafuta mpira."

Niliacha kusugua. Nilitaka kumwambia kwamba haikuwa kosa lake, lakini alikuwa ameishi na jambo hilo karibu miaka sitini na bila shaka alikuwa amejiambia hayo yote. Nikamwambia tu ukweli wangu. "Sitaacha, Mama. Lakini sitakuficha tena."

Alichukua ndoo zote mbili, ile yake na ile yangu, akaingia nazo ndani. Hakufunga mlango kwa nguvu. Niliyahesabu hayo kuwa mazuri.

Alhamisi saa nne duka la mjini likapiga simu: mtu wao wa pikipiki alikuwa ameanguka kwenye utelezi, si vibaya, lakini hangeweza kuja. Mvua ilikuwa imenyesha tena asubuhi na barabara zote za kuingia mjini zilikuwa zimesimama. Tarishi wetu wa kliniki alikuwa ametumwa mbali, Rongai. Daktari alitoka nje kutazama foleni ya magari kwenye barabara ya Argwings Kodhek, akarudi akasema kwamba labda tumpigie Mwalimu tumweleze, avae meno yake ya zamani Jumamosi. Ulikuwa ushauri wa busara. Nikamkumbusha kwamba meno ya zamani yalivunjika, ndiyo maana alikuja kwetu.

Kwenye ratiba yangu Alhamisi ilikuwa siku ya mbio za kasi, jioni. Viatu vilikuwa chini ya meza. Nilivua koti jeupe nikamwambia daktari, "Nipe saa moja," naye akatazama saa yake kama mtu anayeanzisha mashindano.

Nilitoka Hurlingham nikiwa mtulivu, nikaanza kuongeza kasi nilipoingia Valley Road, ambako barabara inateremka yenyewe na miguu inataka kukimbia zaidi ya ruhusa. Magari yalikuwa yamesimama pande zote mbili. Nilipita kando ya kanisa kuu pale chini, nikavuka barabara kuu pamoja na umati wa watu, nikapanda Kenyatta Avenue nikipenya kati ya miavuli, nikapinda mpaka karibu na River Road. Duka lile liko ghorofa ya tatu ya jengo la zamani lisilo na lifti. Mwenyewe, mzee wa Kigujarati tunayefahamiana kwa sauti ya simu kuliko kwa sura, alinitazama nilivyokuwa nimeloa jasho akaniuliza kama nimefukuzwa na wezi. Nilimwambia nafanya mazoezi. Akanipa glasi ya maji na kiti. Maji nikayanywa, kiti nikakikataa. Aliifunga ile seti ya meno kwa karatasi, akaikagua mara mbili, akanitilia mwenyewe kwenye kimkoba changu cha kiunoni na kufunga zipu.

Kurudi ndiko kulikuwa kazi. Valley Road ya kupanda haina huruma kwa mtu, na nilikuwa nimejipangia kuipanda kwa kasi ileile niliyokimbia nayo kwenye tambarare ya mjini. Karibu na katikati ya kilima niliona gari moja jeupe nililokuwa nimelipita wakati wa kushuka. Lilikuwa limegeuza njia, sasa linapanda, na nikalipita tena. Dereva akateremsha kioo. "Mathe, unatushinda," akasema, akiniita mama kwa Sheng. Sikuwa na pumzi ya kumjibu, nikainua mkono. Nilipofika juu kifua kilikuwa kinawaka, lakini miguu ilikuwa yangu, ikifanya nilichoiambia. Kuna siku mbili au tatu kwa mwaka ambapo mwili unakuwa hivyo. Nyingine zote ni za kutafuta hizo.

Niliingia kliniki dakika hamsini na sita baada ya kutoka. Daktari alikuwa dirishani. Alinipa taulo.

Niliyapanga yale meno mapya mchana kutwa, nikayasogeza nyuma kidogo, nikaongeza nta pale ulimi unapogusa. Saa kumi na nusu Mwalimu, tuliyempigia simu, alikuja akajaribu. Alianza na "sasa", akaenda kwenye "sisi sote", kisha, kwa hila ya mwalimu, akasema "siasa za sasa zinasikitisha" mara tatu mfululizo. Filimbi haikuwepo. Usiku ule yalikaa kwenye chombo cha kuivisha plastiki inayochukua nafasi ya nta, Ijumaa asubuhi nikayasugua mpaka yakang'aa, na saa nane alikaa kitini akatusomea hotuba yake yote, mimi na daktari tukiwa wasikilizaji wa kwanza. Ilikuwa ndefu mno. Lakini kila neno lilifika zima.

Ijumaa ni siku yangu ya kupumzika. Nilikuwa nimeketi nje nikipaka baiskeli mafuta ya mnyororo, Mama akaja na maziwa. Aliyaweka, akabaki. Baada ya muda aliuliza, "Hapo mahali, maji yanafika wapi?"

Nilimwonyesha kifuani. Upande wa pili, nikamwambia, yanazidi kichwa changu.

Akataka kujua kama kuna mtu wa kuangalia wanaoogelea. Nikamwambia yupo, anakaa kwenye kiti kirefu, na kazi yake ni hiyo tu. Akataka kujua kama huyo mtu anajua kuogelea kweli au ameandikwa tu. Nikamhakikishia. Akashika kishikio cha baiskeli, akakizungusha upande mmoja na mwingine, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Jumapili baada ya kanisa," alisema. "Nitakuja kuona."

Jumamosi nilitoka na kikundi cha waendesha baiskeli ninaokutana nao kila juma kwenye mzunguko wa Uthiru. Tulipanda barabara ya Nakuru kwa mstari mmoja, malori yakitupita karibu, ukungu ukatupokea Rironi na kutuacha baada ya Limuru. Mazungumzo yaliisha mapema. Nilikaa mbele zaidi ya zamu yangu kwa sababu niliweza. Tulipofika pale barabara inapofunguka na Bonde la Ufa kuonekana lote chini, tulikula ndizi tukiwa tumekaa juu ya baiskeli, kisha tukageuka. Nilipata pancha karibu na Limuru tukirudi, nikabadilisha tyubu haraka kuliko yeyote kati yao angefanya. Vidole vinavyopanga meno haviogopi tairi. Nyumbani nilivua helmeti, nikavaa viatu vya mbio na kutoka tena papo hapo, kilomita tano kuelekea Kabete na kurudi. Dakika za kwanza miguu ilikuwa kama ya kuazima. Baadaye ikanikumbuka.

Jumapili Mama aliingia kwenye teksi akiwa na nguo zake za kanisani: sketi ya bluu, sweta, kitambaa cheupe kichwani, viatu vyeusi vya kisigino kifupi. Njiani alimwambia dereva apunguze mwendo. Kidimbwi kilikuwa na watu wachache, familia mbili na yule mlinzi wa maji kwenye kiti chake kirefu. Mama alimwendea yeye kwanza, hata kabla ya kuyatazama maji, akamsalimia kwa mkono na kumwuliza anatoka wapi.

Anti alikuwepo. Nilikuwa nimemwomba aje, naye akaja na chupa ya chai na viti viwili vya plastiki alivyoviweka mbali kidogo na ukingo. Nilimtambulisha mama yangu. Wakaamkuana, wakakaa, na kabla sijamaliza kufunga kofia walikuwa wanaongea kuhusu magoti. Anti alikuwa akieleza jinsi lake la kushoto lilivyokataa ngazi. Mama akasema lake ni la kulia, na kwamba ng'ombe hajui hilo.

Sikuruka siku hiyo. Niliteremka kwa ngazi, nikasimama maji yakiwa kifuani ili aone kwamba nasimama. Alikuwa ameacha kuongea. Nilikuwa nimepanga kuogelea mara nne tu, kwenda na kurudi mara mbili, atazame, aridhike au asiridhike, twende nyumbani. Nikaweka uso majini nikaanza.

Nikiogelea hupumua upande wa kulia. Pumzi ya tatu au ya nne niliona viatu vyeusi. Mama alikuwa ameinuka kwenye kiti, anatembea ukingoni, sambamba nami, hatua kwa hatua. Nilipofika mwisho nikageuka, na yeye akageuka. Sasa alikuwa upande ambao sipumui, kwa hiyo nikabadilisha, nikaanza kupumua kushoto, jambo nisilolipenda, ili niweze kumwona. Aliutazama mgongo wangu muda wote kana kwamba ukiondolewa macho utapotea.

Mara ya nne nilipofika ukutani nilipaswa kusimama. Sikusimama. Nilijua kwamba nikisimama atakuwa ameona mtu aliyevuka maji na kunusurika. Nilitaka aone mtu anayefanya kazi anayoijua. Nikaendelea. Kumi. Ishirini. Watoto wa zile familia walikuwa wameacha kucheza wanamtazama bibi wa kanisani anayetembea. Kwenye thelathini nilimwona amevua viatu, anatembea na soksi kwenye saruji iliyolowa. Kwenye hamsini alikuwa ameanza kuangalia mbele badala ya kunitazama mimi, mikono ameifunga nyuma, kama mtu anayekwenda sokoni na mwenzake na hawana haja ya kuongea.

Nilimaliza sitini. Ni mita elfu moja na mia tano, urefu wa mashindano kamili, na mama yangu alikuwa ametembea zote.

Niliinua miwani. Alikuwa amesimama juu yangu, anapumua kwa nguvu kuliko mimi.

"Nimechoka mimi," alisema. "Wewe hujachoka."

"Sijachoka, Mama."

Akakaa palepale ukingoni, kwa shida, sketi ya kanisani na yote, akateremsha soksi zake na kuingiza miguu majini mpaka vifundoni. Akasema yana baridi. Kisha akalia, si kwa sauti, na mimi nikabaki nimeshika ukingo kando ya magoti yake mpaka alipomaliza. Anti alikuwa amegeukia upande wa lango, anamimina chai.

Wiki mbili baadaye Anti ndiye aliyeendesha gari mpaka Limuru, Mama mbele, mimi nyuma na gurudumu mapajani. Mama alilitazama lile bwawa mara moja, maji meusi yasiyo na ukingo wa saruji, akasema hapa yeye hatatazama. Alikwenda akakaa upande wa chai, mgongo umeelekea maji, na Anti akasimama pale katikati ili amwambie nikitoka. Nilitoka majini nikiwa nyuma ya wengi, jinsi nilivyotarajia. Anti aliniambia baadaye kwamba alimgusa Mama begani na kusema "Ametoka," na Mama akageuka haraka na kuniona nikikimbilia baiskeli, na kwamba kuanzia hapo alikaa mbele ya watu wote.

Baiskeli niliendesha jinsi ninavyojua. Niliwapita watu kwenye kila mwinuko, nikaanza mbio nikiwa na nguvu, na kwenye kilima cha mwisho nikampita mwanamume mmoja mwenye fulana ya kijani aliyekuwa amenitangulia tangu majini. Nilimaliza wa nne kati ya wanawake wa umri wangu. Niliinama nimeshika magoti, Mama akaja na nduma za kuchemsha alizokuwa amezifunga kwenye kitambaa, akanipa moja, akangoja nitafune.

"Yule wa fulana ya kijani," alisema, "alikutazama vibaya ulipompita."

Nikamwambia hata mimi ningetazama hivyo. Alifikiri kidogo, akanipa nduma ya pili, kisha akaenda kumwambia Anti awashe gari, maana ilikuwa inakaribia saa nane na ng'ombe alikuwa hajakamuliwa.